Zana shirikishi na simulesheni katika ufundishaji wa chuo kikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mhadhiri mwenye darasa kubwa, projekta inayozimika katikati ya kipindi, na wanafunzi ambao wengi wao kompyuta yao ni simu. Mwenye maabara kamili na intaneti isiyokatika atapata kitu humu pia, lakini si yeye niliyekuwa namfikiria.

Zana shirikishi ni nini, na simulesheni ni nini?

Zana shirikishi ni programu inayowawezesha watu kadhaa kufanya kazi moja kwa pamoja mtandaoni: hati ya Google Docs, jedwali la Google Sheets, wiki (kurasa zinazohaririwa na wengi) ya ndani ya Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, ubao wa pamoja, Overleaf kwa wanaoandika kwa LaTeX. Simulesheni ni programu inayoiga kitu halisi kwa kufuata kanuni zake, ili mwanafunzi abadilishe jambo na aone matokeo yake.

Video ya moyo unaodunda si simulesheni, hata iwe imetengenezwa kwa ustadi wa namna gani. Mwanafunzi hana cha kubadilisha. Mimi hujiuliza swali moja tu: je, mwanafunzi anaweza kukiharibu hiki kitu? Kama hawezi kuunguza betri, kufilisi duka au kumzidishia mgonjwa dawa, basi anatazama filamu.

Na maabara za mbali?

Hizo ni kitu cha tatu. Kifaa ni cha kweli, kipo kwenye meza mahali fulani, na mwanafunzi anakiendesha kwa mtandao. Namba anazopata zimepimwa kweli, hazikukokotolewa na programu. MIT ya Marekani ilianza kuweka mtandaoni maabara ya kupima vifaa vya kielektroniki mwaka 1998, kazi iliyoongozwa na Jesús del Alamo. Miaka ya 2000 mradi huo, uliojulikana kama iLab, ulifika Makerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Obafemi Awolowo cha Nigeria kwa ufadhili wa Carnegie Corporation ya New York. Wahandisi wa huku hawakubaki kuwa wateja tu. Makerere na Obafemi Awolowo walijenga maabara zao wenyewe juu ya mfumo huohuo.

Faida yake iko wazi: kifaa kimoja cha bei mbaya kinahudumia darasa zima kwa zamu, usiku na mchana. Tatizo nalo liko wazi. Lazima awepo mtu wa kukitunza, na mtu huyo akihama au ufadhili ukiisha, kifaa kinabaki pambo.

Simulesheni inaweza kuchukua nafasi ya maabara?

Kwa baadhi ya mambo inaishinda maabara, kwa mengine haifai kabisa. Tuchukue sakiti za umeme, somo ambalo karibu kila mwanafunzi wa fizikia na uhandisi wa mwaka wa kwanza hulipitia.

PhET ni mkusanyiko wa simulesheni za bure kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Humo mna moja ya kujenga sakiti: unavuta betri, waya, balbu, swichi na ammita, unaviunganisha kwa kidole. Mwambie mwanafunzi aweke betri ya volti 9 na balbu mbili za omu 10 kwa mfuatano. Kabla hajafunga swichi, aandike: balbu ipi itawaka zaidi?

Wengi wataandika ni ile ya kwanza. Vichwani mwao umeme ni kama chakula, wa mbele anakula na wa nyuma anapata mabaki. Wanafunga swichi, balbu zinawaka sawasawa. Wanaweka ammita kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya ya pili. Kote ni ampea 0.45. Kisha wanazihamisha balbu zikae sambamba. Kila moja sasa inapitisha ampea 0.9 na betri inatoa 1.8. Hapo ndipo utasikia darasa linabishana, na ubishi huo ndio uliokuwa unautafuta.

Kwenye maabara halisi jaribio hilohilo lingeweza kukwama kwa waya uliolegea, betri iliyochoka au ammita yenye fyuzi iliyoungua, na saa mbili zikaisha mwanafunzi hajaiona hoja yenyewe. Noah Finkelstein na wenzake wa Colorado walichapisha mwaka 2005 utafiti uliowalinganisha wanafunzi waliotumia simulesheni na waliotumia vifaa halisi. Waliotumia simulesheni walielewa dhana vizuri zaidi na, jambo lililowashangaza wengi, walipopewa vifaa vya kweli waliunganisha sakiti na kuieleza vizuri kuliko wenzao. Lilikuwa somo moja la fizikia ya mwanzo, usilibebeshe mzigo wa kozi zote.

Kwa nini basi tusiifunge maabara? Kwa sababu mhandisi asiyewahi kuunguza fyuzi kwa kuunganisha ammita sambamba na betri hajaiva. Harufu ya kinzani kinachoungua, waya usioshika, namba inayochezacheza kwenye mita: hayo yapo maabara tu. Zitumie zote mbili. Anza na simulesheni ili dhana iingie, kisha maabara kwa muda mfupi lakini wenye kazi ya maana.

Lakini simulesheni si inadanganya?

Inadanganya, na hilo ni somo zuri kuliko yote. Balbu halisi ina uzi unaopata moto, na ukinzani wa uzi huo hupanda kadiri unavyozidi kuwa wa moto. Ukiweka balbu mbili kwa mfuatano, kila moja inapoa kidogo, ukinzani wake unashuka, na mkondo unaopita ni zaidi ya nusu ya ule wa balbu moja. Simulesheni yenye balbu za omu 10 zisizobadilika itakupa nusu kamili.

Mwaka wa pili wape kazi hii: fanya jaribio kwenye simulesheni, lifanye maabara, eleza kwa nini namba hazilingani. Atakayejibu "makosa ya kibinadamu" apewe sifuri kwa upendo.

Niwape vipi kazi ya simulesheni ili wasiishie kubofyabofya?

Usiwape maelekezo ya hatua kwa hatua. "Bofya hapa, weka 5, andika unachoona" ni upishi wa kufuata karatasi. Mwanafunzi anamaliza kazi bila kuwaza hata mara moja. Wala usiwaambie "cheza nayo kisha uandike ulichojifunza", maana dakika kumi baadaye betri zote zimewashwa moto na hakuna aliyejifunza kitu. (Ndiyo, kwenye PhET betri ikiunganishwa vibaya inawaka moto. Waachie dakika tano wafurahie, kisha endelea.)

Utaratibu unaofanya kazi ni wa hatua tatu: tabiri, tazama, eleza. Richard White na Richard Gunstone waliueleza mwaka 1992 na hadi leo sijaona ulio bora kwa gharama hiyo. Uzito wote uko kwenye neno la kwanza. Utabiri uandikwe kabla, kwa kalamu au kwenye hati ya pamoja, pamoja na sababu. Mwanafunzi asipojifunga kwanza, akiona matokeo atasema alijua tangu zamani, na atakuwa anaamini kweli.

Maswali mazuri huwa mafupi. "Jenga sakiti ambamo ukiondoa balbu moja, mbili zinazobaki zinawaka vilevile." Au kwa wa kemia: "Tafuta njia mbili tofauti za kuupeleka huu mchanganyiko kwenye pH 5." Jibu halipatikani kwenye desa (nakala za majibu) la mwaka jana.

Darasa langu lina watu 400. Haya yote ni ndoto, si ndiyo?

Simulesheni moja kwenye projekta inatosha. Weka hali, uliza swali lenye majibu manne, wape dakika moja wapige kura kila mtu kivyake. Kisha: "Mgeukie jirani yako, mshawishi." Dakika tatu za kelele. Piga kura tena. Ndipo ubofye. Eric Mazur alianza kufundisha hivi Harvard mwaka 1991 na njia hiyo haihitaji kifaa chochote kwa mwanafunzi. Kura inaweza kuwa vidole au karatasi zenye herufi A hadi D.

Kuwa na fomu ya kura mtandaoni ni vizuri, lakini watu 400 wakiingia kwa mpigo kwenye Wi-Fi ya ukumbi mmoja, ukumbi utakwama. Vidole havikwami.

Wanafunzi hawana bando.

Hili ndilo swali la kweli, na mengine mengi yamejificha nyuma yake. Mambo manne.

Kwanza, simulesheni za PhET za kizazi kipya zinapakuliwa kama faili moja linalofanya kazi bila intaneti. Lipakue wewe, mpe CR (kiongozi wa darasa) kwenye flashi, lisambae kwa Bluetooth. Faili lifunguliwe kwa kivinjari kama Chrome; ile programu ya kusomea faili inayokuja na baadhi ya simu hulifungua nusunusu. Jaribu kwenye simu ya bei ya chini kabla ya siku ya kipindi, na si kwenye kompyuta yako ya ofisini.

Pili, uliza kama chuo chako kimeunganishwa na mtandao wa vyuo, yaani TERNET kwa Tanzania, KENET kwa Kenya au RENU kwa Uganda, na kama kuna eduroam (Wi-Fi ya pamoja ya vyuo). Wapo wanafunzi wanaochoma bando lao wakiwa wamekaa chini ya antena ya bure kwa sababu hakuna aliyewaonyesha namna ya kuingia. Wiki ya kwanza ya muhula, tenga dakika kumi kwa hilo tu.

Tatu, video za moja kwa moja zipunguze. Saa moja ya video hula bando la siku kadhaa. Sauti ya dakika nane pamoja na slaidi za PDF inafikisha ujumbe uleule.

Nne, panga saa ya mwisho ya kukusanya kazi kwa akili. Mifumo ya kukusanyia kazi hupenda saa 5:59 usiku. Saa hiyo kila mtu anapakia, mtandao unalemewa, na mtu wa TEHAMA amelala. Weka saa 4 asubuhi siku ya kazi. Wanaosubiri bando la usiku wa manane watafanya kazi yao kwa raha, na kukiwa na hitilafu kuna wa kumpigia.

Mtandao ukikatika kabisa?

Hukatika. Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSY na SEACOM, zilikatika pamoja na ukanda wa Afrika Mashariki ukakaa siku kadhaa na mtandao wa kusuasua. Kila kipindi cha mtandaoni kiwe na ndugu yake wa karatasi: picha mbili tatu za simulesheni zilizochapishwa, na swali lilelile la kutabiri. Asilimia kubwa ya faida iko kwenye swali, kwa hiyo hutapoteza sana.

Mimi nafundisha biashara. Simulesheni si za wanasayansi?

Moja ya simulesheni kongwe na bora kabisa ni ya biashara. Mchezo wa Bia ulitoka Sloan, shule ya biashara ya MIT, kwenye kundi la Jay Forrester, na umekuwa ukichezwa tangu miaka ya 1960. Zanzibar na kwingineko ambako bia italeta maneno, uite Mchezo wa Soda, namba hazibadiliki. Wahandisi wa ujenzi waupewe kwa mifuko ya simenti.

Wachezaji ni wanne kwenye mnyororo mmoja: duka la rejareja, muuzaji wa jumla, msambazaji, kiwanda. Kila wiki kila mmoja anaamua jambo moja tu, yaani aagize kreti ngapi kwa aliye juu yake. Oda inachukua wiki mbili kufika, mzigo wiki mbili kushuka. Kreti iliyolala stoo inakugharimu senti 50 kwa wiki, na kreti unayodaiwa na mteja inakugharimu dola 1. Kuongea marufuku; kinachopita kati yao ni namba ya oda. Mteja wa dukani anafahamika na mwenye duka peke yake.

Wiki nne za mwanzo mteja ananunua kreti 4. Wiki ya tano anapanda hadi 8, na hapo anabaki mpaka mchezo uishe. Hakuna tukio lingine lolote.

Lakini tazama kinachotokea. Mwenye duka anaishiwa, anaogopa, anaagiza 12. Wa jumla anaona 12, anadhani biashara imelipuka, anaagiza 18. Msambazaji anaongeza chumvi yake. Kiwanda kinazalisha kama kuna harusi nchi nzima. Kisha mzigo wote unafika kwa pamoja, oda zinakuwa sifuri, na kiwanda kinakaa wiki baada ya wiki kikihesabu kreti zilizolala.

Mchezo ukiisha, kabla hujafichua lolote, waambie wa kiwandani na wasambazaji wachore grafu ya manunuzi ya mteja wanavyodhani yalikuwa. Watachora mawimbi, milima na mabonde, na pembeni wataandika "sikukuu" au "mshindani mpya". Halafu waonyeshe mstari halisi: nne, nne, nne, nne, nane, nane, nane. Ukumbi hunyamaza kidogo, kisha lawama zinaanza, "wewe ndiye uliyeagiza 30!" Sasa fundisha nadharia ya mnyororo wa ugavi. Watasikiliza.

Huo mchezo nitauendesha vipi mtandaoni bila kununua programu?

Kwa jedwali la Google Sheets. Ila usiweke shiti nne ndani ya faili moja, maana watachungulia na mchezo utakufa. Kila mchezaji awe na faili lake, na oda zipite kwa fomu inayomwagika kwenye jedwali lako wewe au la msaidizi wako. Kama hata hilo ni gumu, kila mchezaji amtumie CR namba yake kwa WhatsApp na CR ndiye azisambaze. Inachosha, lakini inakwenda. Kwa darasa la watu 60, vikundi vya nane (kila nafasi watu wawili) vinafaa kuliko vya wanne, kwa kuwa wawili lazima wajadiliane kabla ya kuagiza, na mazungumzo hayo ndiyo utakayoyarejea baadaye.

Tenga muda wa mjadala usiopungua muda wa mchezo. Hilo ni kweli kwa simulesheni ya biashara, ya mahakama ya kuigiza, ya wauguzi na mgonjwa wa bandia, hata ya majadiliano ya ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo unaweza kumpa kila mwanafunzi nchi moja kati ya nane na kumwambia atetee au apinge kile kiwango cha asilimia 35 kilichoanza Julai 2022. Mchezo bila mjadala ni burudani.

Kazi ya kikundi kwenye hati ya pamoja: nitajuaje nani amebebwa?

Google Docs hutunza historia ya matoleo: nani aliandika nini, lini. Wahadhiri wengi wakiigundua hufurahi mno, wakaanza kuhesabu maneno ya kila mtu. Punguza furaha. Vikundi vingi hukaa hosteli kuzunguka laptopu moja, mmoja anachapa, wanne wanafikiri. Historia itaonyesha mtu mmoja. Kinyume chake, kuna anayekopi na kupesti aya kumi saa nane usiku ili jina lake lionekane.

Tumia historia kama sababu ya kuuliza, usiitumie kama hukumu. Kinachosaidia zaidi ni haya: vikundi vya watu wanne au watano na si kumi, kila mtu aingie kwa akaunti yake na awe na sehemu anayowajibika nayo kwa jina, na mwisho wa kazi umuulize kila mmoja, dakika tatu, kuhusu sehemu ambayo *hakuiandika*. Aliyebebwa atajulikana kwenye sentensi ya pili.

Kwa vikundi 80 huwezi kuwahoji wote. Chagua vikundi kwa kura, na watangazie tangu mwanzo kwamba itakuwa hivyo.

Moodle ya chuo ipo. Kwa nini nihangaike na vingine?

Mara nyingi huhitaji vingine. Moodle ina vitu viwili ambavyo wahadhiri wengi hawavigusi. Cha kwanza ni jukwaa la maswali na majibu, ambapo mwanafunzi haoni alichoandika mwenzake mpaka na yeye aandike. Linamaliza ugonjwa wa "nakubaliana na mchangiaji aliyetangulia". Cha pili ni ile shughuli iitwayo Workshop: wanafunzi wanasahihishiana kwa vigezo ulivyoweka, na kila mmoja anapata alama mbili, ya kazi yake na ya ubora wa usahihishaji wake. Kuipanga kunachukua mchana mzima mara ya kwanza. Baada ya hapo unainakili kila muhula.

Moodle inakuwa nzito pale mnapotaka kuandika kitu kimoja kwa wakati mmoja. Wiki yake haipendi watu wawili kwenye ukurasa mmoja. Hapo nenda Google Docs, uweke kiungo ndani ya Moodle.

WhatsApp haitoshi?

Kwa matangazo na kupigana jeki, inatosha. Kwa kukusanya kazi, hapana. Ukiwa na faili 140 zote zinaitwa "assignment final" utanielewa.

Nichague zana ipi ambayo haitafungwa kesho?

Hakuna. Jamboard ya Google, ubao uliopendwa sana wakati wa Uviko-19, ulizimwa Desemba 31, 2024. Flash, programu iliyokuwa ikiendesha michezo na simulesheni kwenye kivinjari, ilikoma Desemba 31, 2020 na kuondoka na maelfu ya simulesheni zilizotengenezwa kwa jasho la walimu. PhET waliokoka kwa sababu walikuwa wameanza mapema kuziandika upya kwa HTML5.

Basi tunza maswali yako, vigezo vya alama na data za wanafunzi kwenye mafaili ya kawaida nje ya zana yenyewe. Kwa simulesheni, penda zenye nakala ya kupakua. GeoGebra kwa hisabati na NetLogo kwa mifumo kama kusambaa kwa magonjwa au ushindani wa wanyama zote zinaweza kukaa kwenye kompyuta yako. Na ukiona zana inayotaka kadi ya benki kabla hata ya kujaribu, pita.

Akili mnemba si itawafanyia kazi zote?

Itawaandikia ripoti nzuri ya jaribio ambalo halikufanyika. Kinga ndogo lakini yenye nguvu: namba za kila mtu zitoke kwenye namba yake ya usajili. Tarakimu ya mwisho jumlisha 3, hiyo ndiyo volti ya betri yako. Picha ya skrini iambatane. Kisha utabiri uandikwe darasani, kwa mkono. Hakuna mtu anayeomba programu imwandikie utabiri usio na alama, na huo ndio ujanja: usiutoze alama utabiri. Ukiutoza, watatafuta jibu sahihi badala ya kusema wanachofikiri.

Kuna sheria ya kuangalia?

Ipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Kwa mhadhiri maana yake ya kila siku ni hii: orodha yenye majina, namba za usajili na alama isiwekwe kwenye hati yenye kiungo kilicho wazi kwa yeyote. Usimlazimishe mwanafunzi kufungua akaunti kwenye programu ya kigeni isiyojulikana ili apate alama. Na ukirekodi kipindi, sema kabla hujaanza.

Nina mwanafunzi asiyeona.

Muulize yeye kwanza anatumia nini. Wengi wanatumia NVDA, kisoma skrini cha bure, na hati ya kawaida yenye vichwa vilivyopangwa vizuri inawafaa kuliko ubao wa rangirangi wenye vikaratasi vya kubandika. Baadhi ya simulesheni za PhET zina maelezo ya sauti. Angalia kwenye ukurasa wa simulesheni husika. Kwa zisizo nazo, mweke kwenye kikundi ambacho yeye ndiye anayetoa maagizo na wenzake wanaeleza wanachokiona. Mara nyingi kikundi hicho ndicho kinachoeleza vizuri kuliko vyote, maana wamelazimika kusema kila kitu kwa maneno.

Niendeshe kwa Kiswahili au Kiingereza?

Mtihani wenu ukiwa wa Kiingereza, maandishi ya mwisho yawe ya Kiingereza. Lakini ubishi kati yao uachie lugha wanayobishania. Baadhi ya simulesheni za PhET zipo kwa Kiswahili, na hata chuo kikuu si aibu kuzitumia kwenye semina ya kwanza.

Wenzangu idarani wanasema nawachezesha watoto.

Waalike wacheze Mchezo wa Bia. Mpe mkuu wa idara kiwanda.

Muhula ukiisha nifanye nini na mafaili yote?

Pakua kazi zilizopewa alama na uzihifadhi mahali chuo kinapotaka, kwa muda unaotakiwa, kwa ajili ya mhakiki wa nje na wa rufaa. Ondoa ruhusa ya kuhariri ili mtu asije akarekebisha kazi ya Machi mwezi Agosti. Futa majedwali yenye taarifa binafsi ambayo huyahitaji tena. Nakili maswali ya kutabiri pamoja na majibu mabaya waliyoyatoa. Hayo majibu mabaya, bila majina, ndiyo machaguo B, C na D ya kura zako za mwaka ujao. Na badilisha namba, kwa sababu desa limeshaanza kuzunguka hosteli.